Hadithi ya Tauni Haikupi Ruhusa ya Kumwacha Mgonjwa



 Mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020 kulikuwa na maandishi yaliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Yalisema Muislamu aliyejiandikisha huko Ulaya au Marekani kutoa seli shina kwa wagonjwa wa saratani ya damu ajitoe, kwa sababu Mtume (S.A.W) amekataza kutoka katika nchi yenye maradhi ya kuambukiza. Mwandishi hakutaja jina lake, ila ameweka maneno ya Kiarabu juu, watu wakaona ni fatwa. Vijana wetu walioko Leicester, London na Minneapolis walinitumia wakiuliza wafanye nini. Nawajibu hadharani, maana upotoshaji wenyewe umesambazwa hadharani.

Kwanza tujue kinachozungumzwa, kwani wengi wanaharamisha wasichokijua. Ndani ya mifupa mna uboho, na ndani ya uboho mna seli shina, ndizo mbegu za damu. Lukemia huharibu shamba hilo. Kuna wagonjwa ambao dawa peke yake haiwatoshi. Hao hupewa dawa kali sana, pengine na mionzi, mpaka uboho wao wenyewe unauawa, kisha wanatundikiwa seli za mtu mwingine kwenye mshipa kama mtu anavyotundikiwa damu. Mtoaji hakatwi kiungo. Watoaji walio wengi huchomwa sindano siku nne au tano ili seli zimiminike kwenye damu, halafu hukaa kwenye mashine saa nne au tano hivi: damu inatoka mkono huu, inachujwa, inarudi mkono ule. Wachache huvutwa uboho kwenye mfupa wa nyonga wakiwa wamepigwa nusu kaputi. Mifupa itakuuma siku chache, na mwili utajaza tena kilichotoka.

Sasa simama hapo katikati. Mgonjwa akishapewa zile dawa kali, hana tena cha kumtengenezea damu. Mlango wa nyuma umefungwa. Na seli zikishatolewa zina kama siku tatu tu za kukaa kwenye sanduku la baridi. Ndiyo maana mchukuzi huzibeba mkononi ndani ya ndege. Haziwekwi na mizigo wala hazipitishwi kwenye eksirei. Katikati ya Machi 2020 Marekani ilipowafungia mlango wasafiri wa Ulaya, kazi yote hii ilikuwa ikwame, na seli nyingi zinazovuka mipaka zinatoka Ujerumani. Wahusika wakafanya nini? Hawakukaa kusambaza ujumbe. Waliomba kibali maalum kwa wachukuzi, wakawa wanakabidhiana masanduku uwanjani bila kuingia mjini, na hospitali zikaanza kugandisha seli mapema, zikishafika salama ndipo mgonjwa aanzishiwe zile dawa. Kugandisha kuna hasara, baadhi ya seli hufa, lakini ni afadhali kuliko kumtosa mtu katikati ya mto.

Utasema basi, kama zinagandishwa kwanza, mimi nikijitoa leo nimemdhuru nani? Umemdhuru yule ambaye madaktari walishatafuta mwenye kufanana naye wakakupata wewe. Kumtafuta mwingine kunachukua wiki, na lukemia haijui kusubiri. Haki ya kujitoa unayo, hakuna atakayekuburuta. Ukiwa na homa, au unamuuguza mama yako ndani, sema, wataahirisha, na hilo ni udhuru. Ila usiseme ni Mtume aliyekuzuia.

Tuje kwenye hadithi yenyewe. Ni sahihi, iko katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W) amekataza kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Rudieni tena: kwa kuikimbia. Imamu Nawawi, na Mashafii wa pwani yetu hii wanamjua vizuri, ameeleza katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kwamba wamekubaliana kuwa mwenye kutoka kwa shughuli na haja isiyokuwa kukimbia haingii katika katazo. Kijana wa Leicester anayekwenda hospitali kutolewa seli anakimbia nini? Yeye anakwenda kule ambako wenzake wanakuogopa.

Na Sayyidna Umar (R.A) alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A) akabaki Sham na watu wake mpaka tauni ikamchukua. Huyu alirudi ili asiwatie watu hatarini, na yule alibaki asiwaache walio chini ya mkono wake. Ni wapi katika kisa hicho mmesoma kwamba mgonjwa aachwe?

Wapo wenye hoja ya pili, kwamba kutoa ni haramu tangu asili, korona iwepo isiwepo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Jeddah mwaka 1988 ikaruhusu kumhamishia mtu kinachojirudisha chenyewe mwilini, kama damu na ngozi, kwa sharti mtoaji awe mtu mzima mwenye akili zake na masharti ya sheria yatimie. Anayepinga alete elimu, asilete kelele. Mwingine ameniuliza je, aliyepewa seli zangu anakuwa ndugu wa kunyonya, nisimuoe? Hapana, bwana. Ni kweli kundi lake la damu linaweza kubadilika likawa kama lako, lakini undugu wa kunyonya una masharti yake na haya simo ndani yake.

Linaloniuma zaidi ni hili. Kufanana kwa seli hurithiwa, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nawe sawasawa. Akikosekana, unatafutwa mtu wa mbali, na huyo mara nyingi hupatikana kwa watu wa asili yako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba mzungu mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtoaji anayefanana naye kikamilifu katika daftari lao. Mwenye asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini, 46. Mmarekani Mweusi, 19. Nasaba zetu zina mchanganyiko mwingi, hilo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba hatumo daftarini. Halafu wachache waliomo, mnawatumia ujumbe wajitoe!

Kule London mwaka 1974 mama mmoja, Shirley Nolan, alianzisha daftari kwa sababu mwanawe Anthony hakuwa na wa kufanana naye. Mtoto alifariki mwaka 1979 bila kupatikana mtoaji. Daftari hilo lina jina lake mpaka leo, na linapokea vijana wa miaka 16 hadi 30. Umri wangu umeshapita huko, ndiyo maana nawasumbua nyinyi. Kujiandikisha hakuhitaji utoke nje: wanakuletea kifaa cha kupimia kwa posta, unakirudisha kwa posta. Hata lockdown haikuwa udhuru.

Aliyekwisha kupigiwa simu, apige leo kabla ya magharibi, aseme yupo. Kuhusu saumu: sindano zile si chakula wala si badala ya chakula, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wanasema ya namna hiyo haifunguzi. Siku ya mashine ukidhoofika, fungua, utalipa baada ya Idi. Mwenye sukari au anayetumia dawa nyingine aulize madaktari wa daftari kwanza, asiniulize mimi. Maswali mengine yawekeni hapo chini, nitayajibu baada ya tarawehe.