AFCON inakuja Arusha, migongo itatibiwa wapi?

KILA kijiwe cha soka jijini Arusha stori ni uwanja mpya wa Olmoti, utakaobeba watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027 ambayo Tanzania itaandaa na Kenya na Uganda. Nyasi, barabara, hoteli, vyote vinajadiliwa. Mgongo wa mchezaji haumo, wakati huo huwatoa watu kwenye soka kimyakimya.

Goti likiumia kila mtu anaona: machela, barafu, pole nyingi. Kiuno hakina kelele. Straika anaamka asubuhi ameganda, maumivu yanashuka kalioni hadi kwenye kigimbi, unyayo unakufa ganzi. Anachomwa sindano ya kutuliza maumivu, Jumapili yumo kikosini.

Mara nyingi shida ni diski. Kati ya pingili za mgongo kuna kitu mfano wa mto, ndani kina ute mzito. Ukingo ukichanika, ute unatoka na kubana mshipa wa fahamu. Zinazoumia zaidi ni diski mbili za chini kabisa, na kazi ya kuruka, kugeuka ghafla na kupiga shuti zinaibeba hizo hizo.

Zamani ikibidi kupasua, ngozi ilikatwa sentimita kadhaa na misuli ikabanduliwa kwenye mfupa ili diski ionekane. Kwa mchezaji hiyo ni hasara kubwa, maana misuli ile ndiyo injini yake. Njia mpya ya endoskopia inapita kwenye tundu lisilozidi sana sentimita 1. Kinaingizwa kibomba chenye kamera na taa, maji ya chumvi yanatiririshwa kusafisha njia, daktari anatazama skrini huku akinyofoa kipande kinachobana mshipa. Ni ndugu wa ule upasuaji wa goti kwa matundu ambao mashabiki wameuzoea. Wengi huruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake, na wengine hupigwa ganzi ya sehemu tu.

Tanzania haiko gizani katika hili. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa zaidi ya miaka 10 imeshirikiana na Weill Cornell ya New York katika mafunzo ya upasuaji wa ubongo na mgongo, kinara wa Wamarekani akiwa Roger Härtl, bingwa wa kupasua mgongo kwa njia za matundu madogo. Ila MOI ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Kijana wa Ngaramtoni au Usa River anaanzia Mount Meru, akipewa rufaa anakwenda KCMC Moshi, kama kilomita 80, na ikishindikana ndiyo anapanda basi la Dar, akiwa amekaa kwenye kiti na kiuno kile kile. Nauli, kipimo cha MRI, pa kulala, mara nyingi ni mfukoni mwake. Timu za mtaani bima wanaisikia redioni.

Hata hivyo tundu dogo si muujiza, na atakayeliuza hivyo aogopwe. Marc-André ter Stegen, akiwa kipa wa Barcelona, alipasuliwa kiuno Bordeaux Desemba 2023, akarudi golini Februari 2024. Julai 2025 akapasuliwa tena. Huyo alikuwa na klabu tajiri na madaktari wa kuchagua.

Isitoshe, wenye diski iliyotoka wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, kwa dawa, kupunguza mzigo na mazoezi ya fizio. Kwa hiyo timu za Arusha zinamhitaji fizio kabla ya kamera. Anayeshindwa kuzuia mkojo, aliyekufa ganzi sehemu za siri au ambaye miguu inazidi kulegea, huyo hasubiri wiki hata moja. Anakimbizwa hospitali usiku huohuo.

Mashindano makubwa huja na masharti ya ambulansi na hospitali zilizo tayari kupokea wachezaji. Mastaa wa kigeni watakaa wiki chache tu na kuondoka. Wanaopaswa kuulizia mapema vifaa na wataalamu watakaobaki, na kwa bei gani, ni viongozi wa soka wa mkoa, na hadi sasa maswali yao mengi ni ya nyasi.