Karamu ya Wiki Chache: Mazao Yetu na Nyuki wa Mwitu



Mvua za masika zikishapita na baridi ya kusi ikatulia, miembe na mikanju ya pwani yetu huanza kuchanua. Kwa wiki kadhaa shamba lote hunukia, na asimamaye chini ya mti husikia mvumo wa nyuki tangu asubuhi. Aghalabu tukiona hivyo huridhika, tukidhani kwamba viumbe hawa wamepata riziki yao. Juma hili twapenda kuwatazama nyuki wa mwitu, tuulizane wanakula nini maua ya mazao yakishapukutika.

Tusemapo nyuki wa mwitu hatukusudii wale wa mizingani. Yuko nyuki mkubwa mweusi atoboaye boriti na miti mikavu, ambaye akina mama wengi humfukuza barazani. Wako nyuki wadogo mfano wa inzi, wasiouma, wakaao kwenye pango za miti na nyufa za kuta. Wako pia wanaoishi mmoja mmoja, kila jike akichimba tundu lake ardhini au kukata vipande vya majani kutandikia kiota. Hawa wa mwisho hawaweki akiba ya asali. Jike huishi wiki chache tu akiwa mkubwa, na kila yai alitagalo huliwekea tonge la chavua, yaani ule unga wa maua. Siku asiyopata ua, hana cha kumwachia mwanawe.

Jambo hili limechunguzwa sana Ulaya, katika mashamba mapana ya mmea wa jamii ya haradali ukamuliwao mafuta ya kanola. Mwaka 2003 wataalamu wa Ujerumani walieleza kwamba palipolimwa mazao mengi ya kuchanua, nyuki wakubwa wenye manyoya wa nchi za baridi walionekana kwa wingi zaidi. Ilikuwa habari njema. Lakini mwaka 2009 baadhi ya wataalamu hao walitoa matokeo mengine: makundi ya nyuki karibu na mashamba hayo yalinenepa mapema kwa karamu ya maua, ila hayakuzaa malkia na madume wengi kuliko makundi mengine. Nao malkia wapya ndio mbegu ya mwaka ujao, kwani kundi lote lililobaki hufa. Karamu ilikuwa kubwa, lakini ilikwisha kabla ya wakati wa kulea kizazi kipya.

Huko huko Ulaya likadhihirika la pili. Mwaka 2015 watafiti nchini Uswidi walilinganisha mashamba yaliyopandwa mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu na yale yaliyopandwa mbegu zisizo na dawa. Kwenye dawa, nyuki wa mwitu walipungua, ilhali makundi ya nyuki wa kufugwa hayakuonyesha tofauti kubwa. Basi mwenye kuhesabu mizinga yake peke yake angeweza kusema hapana madhara, na jirani zake wa mwituni wanatoweka. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya dawa tatu za aina hiyo mashambani.

Sisi wa pwani hatulimi kanola, lakini funzo latuhusu. Shamba la miembe mitupu, lililofyekwa hadi mpakani, ni karamu ya wiki chache na njaa ya miezi. Nyuki wadogo hawawezi kuhamia mbali, kwani wengi wao hawavuki mita mia chache kutoka kiotani.

Hasara hurejea jikoni mwetu. Mboga kama boga na tikiti ina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Ua la boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya adhuhuri. Lisipozuriwa na nyuki katika saa hizo chache, kijiboga hugeuka manjano kikaanguka, na mama hudhani udongo umechoka. Pasheni ya manjano nayo haizai kwa chavua ya mmea wenyewe. Humhitaji yule yule nyuki mweusi tumfukuzaye barazani.

Mwenyezi Mungu ameipa sura ya 16 ya Qur'ani jina la nyuki, An-Nahl. Tukizizingatia aya ya 68 na ya 69, twaona makazi ya nyuki yametajwa kwanza, kisha ndipo kikaja kinywaji chake chenye shifaa. Nasi tuanze na makazi.

Tuuache ukingo wa shamba uwe na magugu yachanuayo, na gogo kavu moja lisilo na hatari libakie mahali pake. Tuache na kipande cha ardhi kisicholimwa wala kusakafiwa. Kando ya miembe tuchanganye mimea ichanuayo kwa nyakati mbalimbali: kunde, ufuta, mlonge, na mbaazi zile zile tuzipikazo kwa nazi. Hata mwenye ua mdogo wa Mji wa Kale aweza kupanda mrehani chunguni na kuacha baadhi ya mashada yachanue. Nyuki huyapenda mno.

Na miembe inapopigwa dawa, tumwombe mwenye kazi asinyunyize wakati nyuki wako mauani. Ikibidi, na iwe jioni baada ya wao kurejea viotani, kwa kipimo kilichoandikwa na bila kuzidisha. Dawa nyingine hubaki kwenye maua kwa siku kadhaa. Kwa hiyo iliyo bora ni kungoja maua yapukutike, kila iwezekanapo.

Tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba Mwislamu apandaye mmea, kisha wakala humo watu, ndege au wanyama, huandikiwa sadaka. Twatumai kwa rehema za Mola wetu kwamba ua aliachalo mama kwa ajili ya nyuki mdogo halitapotea katika hesabu hiyo.

Wabillahi tawfiq.