Jina la Ugonjwa Si Jambo Dogo

Wako watu wasemao kwamba jina la ugonjwa si kitu, la maana ni dawa. Mimi sikubaliani nao. Kwa jina daktari hujua atafute nini, mwalimu hujua atoe ruhusa gani, na mgonjwa hujua ajitetee vipi. Nitatoa mfano wa Ulaya na Marekani, kisha nitarudi hapa kwetu Uganda.

Mwaka 1955, katika Hospitali ya Royal Free mjini London, watumishi 292 walishikwa na ugonjwa usiojulikana, hata hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1956 ugonjwa huo ulipewa jina refu ambalo kwa kifupi ni ME, maana yake kuvimba kwa ubongo na uti wa mgongo pamoja na maumivu ya misuli. Lakini mwaka 1970 madaktari wawili wa magonjwa ya akili walisoma kumbukumbu za wagonjwa wale, wakasema kwamba yote yalitokana na hofu iliyoenea miongoni mwa watu. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba wanawake ndio walioshikwa zaidi! Kisha mwaka 1988 Wamarekani wakaleta jina lingine: Uchovu wa Kudumu.

Hapo ndipo taabu ilipozidi. Nani asiyejua uchovu? Mkulima huchoka, mpagazi huchoka, nasi huchoka usiku wa kuamkia mtihani. Kumbe dalili kuu ya ugonjwa huu ni nyingine. Mgonjwa akifanya kazi kidogo tu, ya mwili au ya akili, hali yake huharibika, mara nyingi siku ya pili yake, na hata akilala haponi. Daktari aliyeambiwa "uchovu" hatauliza habari za siku ya pili. Tena ni rahisi kumwambia mtu aliyechoka kwamba ajizoeze mwendo. Ndivyo mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2007 ulivyoshauri, mazoezi yaongezwe hatua kwa hatua. Wagonjwa wengi walilalamika kwamba yanawadhuru, na mwaka 2021 shauri hilo liliondolewa. Watetezi wao nao walisumbuka, maana ni vigumu kumwomba waziri fedha za utafiti kwa ajili ya "uchovu".

Wapinzani wana hoja ambayo yafaa tuipime. Wasema kwamba kule kuvimba kwa ubongo hakujathibitishwa kwa wagonjwa wote. Ni haki yao. Jina lisidai yasiyojulikana. Lakini pia lisipunguze yale anayoyapata mgonjwa. Mwaka 2020 watu waliougua Korona bila kupona upesi waliiita wenyewe "Korona ya muda mrefu". Jina hilo halikudai kujua chanzo; lilisema tu kwamba ugonjwa haujaisha, na madaktari wakalifuata.

Huku kwetu, kaskazini mwa Uganda, uko ugonjwa wa watoto uitwao wa kutikisa kichwa. Chanzo chake bado chabishaniwa, lakini jina lake lataja jambo ambalo jirani aweza kuliona kwa macho. Uchovu hauonekani, kwa hiyo mwenye nao huitwa mvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi nina maombi mawili. Enyi viranja na walimu wetu, kabla ya kumwita mwanafunzi mvivu, muulizeni hali hii ilianza lini, na siku ya pili baada ya kazi anajisikiaje, kisha mpelekeni kwa mganga. Nanyi ndugu zetu mliomaliza hapa, ambao sasa ni waganga, kipimo cha malaria kikionyesha hana na mgonjwa bado anateseka, msiandike kwamba hana kitu. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, ili daktari atakayempokea baada yenu apate pa kuanzia.