MWENYE SUKARI APIMWE, ASIFUKUZWE

Ndugu wanachama,

Kuna neno linalosemwa kwa sauti ya chini katika shedi na katika nyumba za reli. Neno hilo ni sukari. Mtu akiambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa huo, swali lake la kwanza si habari ya dawa. Auliza, "Je, nitaondolewa kazini?" Kisha anyamaza. Sindano ya insulini huificha chini ya chakula chake, akapanda injini kama kawaida. Sisi twasema kunyamaza huko ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe, na kosa si la mfanya kazi peke yake. Sheria inayomfukuza asemaye kweli ndiyo inayomfundisha kuficha.

Ieleweke vizuri: hatusemi kila mtu aachiwe tu aendeshe gari moshi. Sukari ikishuka mno, mtu hutoka jasho, hutetemeka, mawazo humchanganyikia, na mwisho aweza kuzimia. Dereva wa hali hiyo aweza kupita ishara nyekundu asiione. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu macho, na miguu hufa ganzi, hata mtu wa genge akajeruhiwa mguu asijue. Kwa hiyo kupimwa ni haki ya abiria, na ni haki ya mwenzako wa kazi.

Lakini wenye sukari si sawa wote. Yuko anayejitunza kwa chakula tu. Yuko anayemeza metformin, dawa ambayo ikiwa peke yake si rahisi kushusha sukari kupita kiasi. Yuko anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, na huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kazi nazo si moja: karani wa tiketi si dereva. Kuwahukumu wote kwa jina la ugonjwa si udaktari.

Tazameni wengine. Uingereza iliwakatazia watumiaji wa insulini kuendesha mabasi na malori makubwa. Mwaka 2011 katazo hilo liliondolewa, na kila mtu sasa hupimwa mwenyewe. Masharti ni makali: ajipime kabla ya kuendesha na kila saa mbili akiwa njiani, aonwe na daktari bingwa kila mwaka, tena awe mtu anayezitambua dalili za sukari kushuka. Marekani nayo iliondoa katazo la namna hiyo kwa madereva wa malori mwaka 2018.

Huko Uingereza ziko pia reli za zamani zinazotunzwa na watu wa kujitolea, tangu ile ya Talyllyn ilipoanza hivyo mwaka 1951. Huko nako swali ni lile lile. Atiaye makaa bila mshahara, koleo humshusha sukari vile vile, na abiria haulizi kama dereva analipwa. Kwetu injini ya moshi 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Wazee wetu waliostaafu wakiitwa siku moja kusaidia kazi kama hiyo, wapimwe kwanza. Wasirudishwe nyumbani kwa kusikiwa tu kwamba wana sukari.

Sheria ya nchi iko upande wetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kutojiweza mwilini, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua, na amsikilize. Basi usitie sahihi karatasi yoyote ukiwa peke yako ofisini.

Madai yetu ni manne. Kwanza, kila mtu apimwe kwa hali yake. Pili, mashine na vijiti vya kupimia vitolewe kazini, na saa ya kula iheshimiwe. Gari likingojea kupishana saa tatu katika stesheni isiyo na hata chai, aliyekwisha kujidunga insulini yu hatarini. Tatu, anayeondolewa kwenye injini apewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara. Nne, siri ya daktari isizungumzwe ovyo maofisini.

Nanyi, ndugu wa njia ya Butere na wa njia kuu ipitayo Lugari, mna wajibu wenu. Mwambieni daktari wa kazi kweli. Jipimeni kabla ya kushika mtambo. Mashine ikionyesha chini ya 4, usiendeshe: kula sukari au glukosi, kisha chakula, na ungoje dakika 45 baada ya kipimo kurudi sawa. Glukosi ikae mfukoni daima, na mwenzako wa injini ajue ilipo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya reli, kifo hicho hakimchukui mtu mmoja. Chama kitasimama na kila anayesema kweli. Mwone mjumbe wako kabla ya kuitwa ofisini, si baada ya barua kuandikwa.

Umoja ni nguvu.

Mhariri, Kakamega