Neno la Mwezi: Haya

Mwezi huu tumechagua neno haya. Tuacheni ile "haya, twendeni!" ya kuhimizana, tunasema haya ya mtu kuona haya.

Sisi wa Fuma na visiwa jirani tumelelewa nayo. Mtoto akisema na wazee huinamisha macho, na aliyekosa adabu kabisa huambiwa hana haya wala hana vibaya. Wengine huichanganya na aibu. Kwetu haya mtu anayo mwenyewe moyoni, ni sifa njema. Aibu humfika kwa jambo lililotendeka.

Kwa ajili ya haya, mengi tunayasema kwa kuzunguka. Mwenye mimba ni mja mzito. Maradhi yote ya chini ya kitovu, basi ni "tumbo" tu, na daktari naye atakupa dawa ya tumbo! Na mama aliyenajisiwa katika vita vya mwaka 1991 atasema, "walinivunjia heshima." Jirani yake wa Fuma atamwelewa papo hapo. Lakini mkalimani aliyejifunza Kiswahili mbali na pwani anaweza kuandika kuwa alitukanwa, na faili likaenda hivyo hivyo. Hapo ndipo tunapoogopa.

Wazee walishasema, mficha uchi hazai. Na Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari wa Madina kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na waliuliza hata mambo ya mwilini. Nani atasema wale hawakuwa na haya?

Kwa hiyo, kina mama, kwenye mahojiano ya UNHCR mnaweza kuomba kuhojiwa na mwanamke, na mkalimani awe mwanamke pia. Ombeni mapema, kabla ya kuanza kuongea. Wanaume nao wana haki ya kuomba, maana kuna yaliyowafika wao pia na hawayasemi. Ukishindwa kulitamka neno lenyewe, sema angalau, "hayakuwa matusi, ni mwilini."

Mwenye maneno mengine ya stara yanayotumika nyumbani kwao, atuletee kabla ya toleo lijalo. Tutayaandika hapa pamoja na maana zake, wakalimani nao wayasome.