Bukavu: kununua nyumba ya zamani ya milango miwili, hatari iko kwenye karatasi kuliko kwenye kuta

Anayetembea Bukavu anasoma kwenye kuta nyingi maneno yaleyale: «Maison pas à vendre», nyumba hii haiuzwi. Mara nyingi aliyeyaandika ni mwenye nyumba, au mmoja wa watoto wa marehemu, akionya kwamba kuna mtu anaizungusha nyumba kwa makomisionere bila ruhusa. Hesabu ya kununua nyumba ya zamani ili kuipangisha inapaswa kuanzia kwenye maandishi hayo, si kwenye bei ya simenti.

Mpango wenyewe unaeleweka. Viwanja vizuri Ibanda vimebaki vichache, na nyumba ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, inaweza kugawanywa milango miwili. Mwenye nyumba anaishi upande mmoja, mpangaji upande wa pili.

Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imenunuliwa dola 40.000, ikatengenezwa kwa dola 15.000, na kila mlango unapangishwa dola 200 kwa mwezi. Hiyo ni dola 4.800 kwa mwaka, na pesa zitarudi baada ya miaka 11 na nusu, kabla ya kulipa kodi ya serikali. Mlango mmoja ukikosa mpangaji miezi sita kila mwaka, ni zaidi ya miaka 15.

Kwenye matengenezo, wengi wanakimbilia rangi na vigae. Lakini Bukavu ni mji wa miteremko, udongo wake unatembea, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua kuta nyingi. Ufa uliofunikwa kwa rangi mpya ni wa kutazama mara mbili. Manjanja yanabadilishwa kwa siku chache. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba unaweza kumeza bajeti yote. Shimo la choo lililochimbwa kwa familia moja halitoshi kwa mbili. Na konteri moja ya SNEL kwa milango miwili ni ugomvi wa kila mwezi.

Hayo yote fundi mzuri anayaona. Asichokiona ni historia ya nyumba.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na certificat d'enregistrement. Barua ya shefu wa avenue haitoshi, wala mkataba wa mauzo uliotiwa saini mbele ya mashahidi. Kuna pia certificat za muda: concession ordinaire haizidi miaka 25, na inaombewa upya. Mwaka uleule, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza zaïrianisation, na mali nyingi za wageni zikabadilisha mikono. Nyumba ya enzi hiyo inaweza kuwa na madai ya watu watatu: familia ya aliyepewa, aliyenunua baadaye, na Dola yenyewe.

Halafu kuna urithi. Sheria ya familia inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, wa kike na wa kiume sawasawa. Kaka mkubwa akiuza peke yake, ameuza pia fungu la dada zake, na dada mmoja anayeishi Uvira au Kanada anatosha kumpeleka mnunuzi mahakamani.

Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23, na benki zilifunga milango. Bei inalipwa pesa mkononi, bila alama ya benki ya kuonyesha mbele ya hakimu. Saini ya ofisi ya ardhi ya leo inatoka kwa utawala ambao Kinshasa haiutambui. Kwa sababu hiyo, nyumba inayouzwa haraka kwa bei ya chini si lazima iwe rahisi. Huenda muuzaji amekwisha kuondoa hatari hiyo kwenye bei.

Hata garanti haiokoi hesabu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inaruhusu miezi mitatu tu kwa nyumba ya kuishi, ingawa wenye nyumba wengi wanaomba zaidi. Pesa hiyo ni ya mpangaji, na siku anapohama atairudia, hata kama ilikwisha kununua simenti ya mlango wa pili.