BOMU LA MGENI, NYUMBA YA MWISLAMU



Ndugu zetu katika imani, akina baba na akina mama, kuna maneno yanayosemwa barazani baada ya swala ambayo tumeyasikia mara nyingi mno, na leo tumeona tusiyanyamazie. Inasemwa kwamba Uturuki, nchi ya Waislamu, ina mabomu ya nyuklia, kwa hiyo umma una kinga. Wengine huongeza na aya ya Suratul Anfal inayotuamrisha kuandaa nguvu. Sisi tunasema huko ni kujidanganya.

Mabomu yapo, kwa makadirio ya wataalamu. Katika kambi ya Incirlik, kama kilomita 10 kutoka mji wa Adana, wanakadiria kuwa kuna mabomu 20 hadi 30 ya aina ya B61. Marekani yenyewe haikubali wala haikanushi. Mengine ya aina hiyo yamewekwa Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na Italia. Lakini ni mali ya nani? Ni ya Marekani, na hakuna wa kutoa ruhusa yatumike ila rais wa Marekani. Mgeni akija kwako na bunduki, akaifungia sandukuni chini ya kitanda wanacholala wanao, kisha akaondoka na ufunguo, utapita mtaani ukijisifu kuwa una bunduki? Wewe una sanduku tu. Na adui wa mgeni wako sasa anaujua mlango wako.

Haya si mageni kwa Waturuki. Makombora ya Jupiter ya Marekani yalikuwa kwao mwaka 1962, wakati wa mzozo wa Cuba. Kennedy alikubaliana na Warusi kwa siri kwamba yataondolewa, na serikali ya Uturuki haikuambiwa. Mwaka 1963 yakaondolewa. Mwenye nyumba alikuwa wa mwisho kujua!

Tukumbuke pia usiku wa tarehe 15 Julai 2016, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali. Ndege za kujaza mafuta angani, zilizowasaidia waasi, ziliruka kutoka Incirlik hiyo hiyo. Kamanda Mturuki wa kambi akakamatwa, umeme wa kambi ukakatwa kwa siku kadhaa, na mabomu yale yakiwa, kwa makadirio hayo hayo, palepale chini ya ardhi. Mpaka wa Syria, iliyokuwa ikiwaka moto wakati huo, uko kama kilomita 110 tu. Na Februari 2023 likaja lile tetemeko kubwa, majengo yakaporomoka Adana, mamia wakafa. Allah awarehemu. Mama wa Adana anayewalaza wanawe usiku ana haki ya kuuliza nini kimelazwa jirani yake, lakini hakuna anayemjibu.

Wanaoyatetea husema hizi ni silaha ndogo, za uwanja wa vita tu. Ndogo! Bomu jipya la B61-12 linaweza kupunguzwa nguvu hadi kilotani 0.3, lakini pia linaweza kupandishwa hadi kama 50. Lile la Hiroshima lilikuwa kama 15. (Na urani nyingi ya mradi uliozaa bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la ndugu zetu wasioambiwa inakwenda wapi.) Sayyidna Abubakar (r.a.) alipotuma jeshi Sham aliwausia wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala wasikate mti wenye matunda. Tuonyesheni bomu la nyuklia linalomtambua mtoto.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine. Wanasema mabomu haya yakiondolewa, Uturuki itatengeneza yake, na ni kweli kwamba Septemba 2019 Rais Erdoğan alilalamika hadharani kuwa wengine wanazo na yeye anakatazwa. Lakini mabomu yalikuwa kwake wakati akilalamika! Hayakumtuliza, yalimtamanisha.

Msidhani tunaisema Marekani peke yake. Urusi nayo ilitangaza mwaka 2023 kuwa inapeleka silaha kama hizo Belarus, nchi iliyokuwa imeondokana nazo mwaka 1996, na ambayo watu wake walikuwa wamekwisha kunyeshewa sumu ya Chernobyl mwaka 1986. Waliomlaani mmoja na kumshangilia mwingine wajitazame.

Kama tunataka mfano wa Waislamu, tuutafute Kazakhstan. Warusi walilipua mabomu 456 ya majaribio kule Semipalatinsk kuanzia mwaka 1949 hadi 1989, na watoto wenye vilema wakazaliwa. Wakazakh wakaandamana, uwanja ukafungwa mwaka 1991, na kufikia mwaka 1995 silaha zote zikawa zimerudishwa Urusi. Mwaka 2006 wao na majirani wanne, nchi zote zenye Waislamu wengi, wakatia saini palepale Semipalatinsk mkataba wa kukataza silaha hizi katika ardhi yao.

Nasi wa Afrika tuna wetu, wa Pelindaba, uliosainiwa Cairo mwaka 1996 na kuanza kazi mwaka 2009. Kenya na Tanzania zimo. Unakataza nchi mwanachama kumwekea mtu yeyote bomu la nyuklia katika ardhi yake. Basi hao wanaoshangilia Incirlik pale barazani watuambie: wangekubali liletwe Mombasa au Kigoma?